KOPA CHOMBO, USIKOPE FEDHA

Maneno ya hotuba kwa wakulima, wavuvi na mafundi wa Pande, Kilwa



Nimeombwa niseme juu ya namna mtu mwenye kazi ndogo anavyoweza kupata mashine kwa kukodi ama kwa kukopa, bila ya kujitia katika utumwa wa deni. Nitasema kwa maneno ya wazi, maana jambo hili ni la tumbo, na mambo ya tumbo hayataki mafumbo.

Tazameni kwanza jinsi mali inavyotoka hapa kwetu. Ufuta wa Kilwa unalimwa kwa jembe la mkono, unavunwa, unapepetwa, unatiwa katika magunia na kwenda zake. Unakwenda ukiwa punje. Kisha mama anakwenda dukani kununua mafuta ya kupikia yaliyokamuliwa mahali pengine. Samaki anavuliwa usiku, na asubuhi yule mwenye barafu ndiye anayetaja bei, kwa sababu mvuvi asiye na barafu hana nafasi ya kubishana na jua. Nazi zinaondoka na maganda yake. Na vijana nao wanaondoka. Jina la Wamachinga, ambao ni watu wa huku kwetu Kilwa na Lindi, leo ni jina la kila mtu anayetembeza bidhaa mkononi katika miji yote ya Tanzania. Jina letu limekuwa jina la kutembea juani.

Kwa nini? Si kwa uvivu, kwani anayelima ufuta kwa mkono hawezi kuitwa mvivu. Tunayo kazi, lakini chombo cha kufanyia kazi hatuna. Na mtu akitaka chombo, huambiwa: "Lete dhamana."

MLANGO ULIOFUNGWA NA ULIOFUNGULIWA NUSU

Yafaa tujue kwamba habari hii haikuanza jana. Katika mwaka 1931 serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitengeneza upya sheria ya kuzuia Waafrika wasikopeshwe, sheria ambayo asili yake ni miaka ya 1920. Mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hakuweza kumdai mahakamani ila kama mkopo ule ulikubaliwa kwa maandishi na mkubwa wa serikali. Walisema ni kumlinda Mwafrika asidhulumiwe na wenye maduka. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba fundi Mwafrika aliyetaka cherehani ama mashine ya kusaga, hata awe mwaminifu namna gani, hakuwa mtu wa kukopeshwa. Mwenye duka akakopa na kupanuka, na Mwafrika akabaki mteja wake.

Sheria ya namna hiyo leo haipo. Uhuru ulikuja mwaka 1961, mabenki yakawa mali ya taifa katika Februari 1967 baada ya Azimio la Arusha, ikaundwa benki ya maendeleo ya vijijini mwaka 1971, na mwaka 2015 ikafunguliwa Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Mlango umefunguliwa, lakini umefunguliwa nusu. Benki inataka hati ya nyumba ama ya shamba, na nyumba nyingi za vijijini hazina hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya haki miliki ya kimila, na ninamwambia kila mwenye shamba aifuate hati hiyo katika serikali ya kijiji chake. Ila tusikae kungoja hati kwa miaka kumi huku ufuta ukiondoka na vijana wakiondoka. Iko njia nyingine.

KUKODI CHOMBO SI JAMBO GENI

Njia hiyo ni kwamba mashine yenyewe iwe ndiyo dhamana. Mwenye fedha hakupi fedha. Ananunua mashine unayoitaka, anakukabidhi uitumie, nawe unamlipa kidogo kidogo kutoka katika kazi ya mashine ile. Mpaka umalize kulipa, mashine ni yake. Ukimaliza, ni yako. Ukishindwa, anachukua mashine yake, na nyumba yako haiguswi, mradi mkataba haukuitaja nyumba. Wataalamu wa fedha wanaiita njia hii karadha, na Tanzania ina sheria yake iliyotungwa mwaka 2008.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari hii tangu alifu. Samaki wakishauzwa, zinatolewa gharama za safari, halafu chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia wana mafungu yao. Hilo fungu la chombo ni nini kama si kodi ya chombo? Tena ni kodi yenye huruma, maana siku ya samaki wengi mwenye chombo anapata kingi, na siku ya kukosa naye anakosa. Ubaya wake ni mmoja tu: haina mwisho. Baharia anaweza kuvua miaka thelathini, akalipa bei ya chombo kile mara tano, na siku ya kuzeeka anateremka pwani hana hata ubao mmoja.

Vijana wa pikipiki nao wamebuni dawa ya ubaya huo. Wanaiita pikipiki ya mkataba. Mwenye pikipiki anampa kijana, kijana anapeleka hesabu kila wiki, na baada ya muda waliopatana pikipiki inakuwa ya kijana. Hiyo ndiyo karadha yenyewe, ijapokuwa vijana hawajui jina hilo. Kinachokosekana ni hesabu ya haki. Natoa mfano. Tuseme pikipiki inauzwa dukani shilingi 2,800,000. Kijana anapeleka shilingi 60,000 kila wiki kwa wiki 70. Zidisheni wenyewe: ni shilingi 4,200,000. Amelipa 1,400,000 zaidi, yaani nusu nzima ya bei ya dukani, kwa muda wa mwaka na miezi minne. Na mara nyingi hakuna karatasi. Wiki ya 60 akiugua, pikipiki inachukuliwa, na jasho la wiki 60 linakwenda na maji. Basi njia ni njema, lakini bila maandishi na bila hesabu, njia njema hugeuka kuwa mtego.

Dunia nayo imepita njia hii. Cherehani za Singer, ambazo mama zetu wanazifahamu, zilikuwa ghali mno kwa watu wa kawaida wa Marekani. Mwaka 1856 kampuni hiyo ilianza kuwapa watu cherehani kwa malipo ya kwanza madogo na mengine kila mwezi. Mshonaji akashona, na kwa kushona akailipa cherehani. Ndivyo chombo kile kilivyoingia katika nyumba za watu wasio na mali.

Na hapa Tanzania tuna mfano wa mwanamke mmoja. Daktari Victoria Kisyombe, mtaalamu wa mifugo, alifiwa na mumewe, akabaki na watoto wadogo na ng'ombe mmoja jina lake Sero. Maziwa ya Sero yakawalisha. Akatazama wajane wenzake, akaona kwamba wana akili na nguvu, lakini shamba na nyumba ni za jamaa za mume, basi benki haiwasikilizi. Mwaka 2002 akaanzisha kampuni ya SELFINA, iliyochukua jina la ng'ombe yule, kwa kazi ya kuwakodisha wanawake vyombo vya kazi mpaka wavimiliki. Maelfu ya wanawake wamepita mlango huo. Hakuwauliza, "Una hati?" Aliwauliza, "Unajua kazi gani?" Hilo ndilo swali la haki.

KWA NINI CHOMBO, KWA NINI SI FEDHA

Sasa nasema neno ambalo ndilo lililonileta: kopa chombo, usikope fedha.

Fedha haina jina. Ukiingia nyumbani na shilingi milioni mbili mfukoni, fedha ile inajua njia mia za kutoka. Kuna ada ya mtoto, kuna mgonjwa, kuna arusi ya mpwa, kuna ngoma ya kumcheza mwali, kuna msiba ambao haukupiga hodi. Sisemi mambo haya ni mabaya. Ndiyo utu wetu. Lakini hakuna hata moja kati yake litakalorudisha fedha ya mkopo mwisho wa mwezi. Mashine ya kukamua mafuta haiwezi kukatwa kipande ikapelekwa arusini. Friza ya samaki haiwezi kutolewa sadaka ya msiba. Chombo hukaa mahali pake kikafanya kazi iliyokileta.

Na fedha inayopatikana upesi kuliko zote ndiyo mbaya kuliko zote. Mnajua ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mama anakopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Kila mwezi anatoa 100,000. Baada ya miezi mitano ametoa 500,000, na deni liko pale pale kama siku ya kwanza. Benki Kuu imeagiza kwamba wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, wasizidi riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo ule ule, asilimia 3.5 ni shilingi 17,500. Pimeni wenyewe 17,500 na 100,000. Tena siku hizi mkopeshaji anaingia ndani ya simu. Katika Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Anayekukopesha bila leseni, kabla hujaona fedha yake muulize leseni yake.

HESABU IJE KABLA YA SAHIHI

Haitoshi kusema mashine ni nzuri. Mashine isiyojilipa yenyewe ni mgeni anayekula bila kulima. Natoa mfano wa mashine ya kukamua ufuta. Bei ninazotaja ni za mfano tu. Ninyi mtaweka bei za kweli mtakazopewa.

Tuseme mashine ni shilingi 6,000,000. Mwenye kukodisha anataka malipo ya mwanzo asilimia 20, yaani 1,200,000. Kisha anataka 250,000 kila mwezi kwa miezi 24, ambayo ni 6,000,000. Jumla mtakuwa mmetoa 7,200,000. Ziada ni 1,200,000 kwa miaka miwili. Hapo mmeijua bei ya kweli ya mashine, na kila mkataba sharti muupekue mpaka mfike katika namba hiyo moja: jumla ya yote.

Sasa tuulize, mashine italeta nini? Tuseme mnakamua kwa ujira wa shilingi 200 kwa kilo. Katika hizo, 100 zinakwenda kwa mafuta ya injini, kwa kijana anayesimamia, na kwa akiba ya matengenezo. Inabaki 100. Ili kupata 250,000 mnahitaji kilo 2,500 kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni kilo 30,000. Je, ufuta huo upo? Watu wataleta? Ufuta wetu unauzwa kwa mnada kwa njia ya stakabadhi ghalani na vyama vya msingi vya ushirika. Basi kabla ya kukodi mashine, kaeni na viongozi wa chama chenu mpatane jinsi ya kupata ufuta wa kukamua bila kuvunja utaratibu wa soko. Kama kilo hizo 30,000 hamzioni kwa macho, acheni mashine ile, tafuteni ndogo zaidi. Si aibu kuanza na mashine ndogo, na hakuna sifa yoyote kwa kikundi kinachoanza na kubwa kikanyang'anywa.

MALIPO YAFUATE MSIMU

Hapa ndipo watu wengi wa kusini wanapoanguka, nao si wavivu wala si wezi. Ufuta unavunwa na kuuzwa katika miezi ya katikati ya mwaka. Korosho ni mwisho wa mwaka. Masika yakinyesha, kazi nyingi ni palizi, fedha hakuna. Bahari nayo ina siku zake: kusi ikichafuka, ngalawa zinalala ufukweni. Lakini mkopeshaji amekaa mjini, anahesabu miezi kwa kalenda ya ukutani. Anataka malipo sawa kila mwezi, wengine kila wiki. Mkulima mwenye fedha mara mbili kwa mwaka analazimishwa kulipa mara hamsini na mbili. Basi mwezi wa pili anakopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza. Hapo deni limezaa mtoto, na mtoto wa deni hukua upesi kuliko mtoto wa mtu.

Turudi katika mashine yetu. Mzigo wa mwaka ni shilingi 3,000,000. Mwambieni mwenye mashine: "Sisi tutalipa milioni tatu zako katika miezi minne ya msimu, miezi mingine tupumzike ama tulipe kidogo." Ili kupata milioni tatu kwa miezi minne, lazima mkamue kilo 7,500 kila mwezi, yaani kama kilo 250 kila siku. Sasa mnalo swali la kweli la kumwuliza fundi: mashine hii inaweza kilo 250 kwa siku? Akisema ndiyo, na ufuta upo, mkataba unabebeka. Akisema hapana, mmeokoka kabla ya kutia sahihi.

Msiogope kuomba jambo hili. Mkopeshaji mwenye akili anataka fedha yake irudi, hataki kukusanya mashine kuukuu. Mkopeshaji anayekataa kusikia habari ya msimu anawaambia wazi kwamba haijui kazi yenu.

MASHINE BILA VIPURI NI CHUMA CHAKAVU

Sisi wa kusini tunalo somo kubwa lililo karibu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Walileta matrekta mengi, baadhi yake yaliyokwisha tumiwa na majeshi katika vita. Ardhi ikawa ngumu, mvua haikufuata mpango wa London, matrekta yakaharibika, vipuri na mafundi havikutosha. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na fedha iliyopotea ilikuwa kadiri ya pauni milioni 36. Hao walikuwa serikali ya dola kubwa. Je, kikundi cha watu kumi wa Pande kitaokoka kama kikirudia kosa lile lile?

Kwa hiyo mashine isiyo na fundi karibu msiichukue, hata ikiwa rahisi. Ulizeni: kipuri kinachoharibika mara nyingi ni kipi? Kinauzwa wapi? Kilwa Masoko kipo? Lindi kipo? Au mpaka Dar es Salaam? Kila siku mashine inayolala ni siku ambayo deni halilali. Na kijana mmoja wa hapa hapa apelekwe akajifunze kuifungua na kuifunga kabla haijafika.

MASWALI SABA YA KUULIZA

Mkataba ukiwekwa mezani, asitie sahihi mtu yeyote kabla ya kupata majibu ya maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Jumla ya yote nitakayolipa ni shilingi ngapi, pamoja na ada, bima na gharama za kufungua faili?

2. Riba inahesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, ama juu ya deni lililobaki? Tofauti ni kubwa. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi: ikihesabiwa juu ya deni la mwanzo ni shilingi 288,000, ikihesabiwa juu ya deni linalopungua kwa 100,000 kila mwezi ni 156,000. Asilimia ni ile ile, fedha si ile ile.

3. Mashine inakuwa yangu lini, na kwa karatasi gani?

4. Nikichelewa mwezi mmoja nini hutokea? Nikishindwa baada ya kulipa nusu, nusu yangu inakwenda wapi?

5. Ikivunjika, ikiibiwa ama ikiungua, hasara ni ya nani?

6. Je, mbali na mashine yenyewe, kuna mahali mkataba umetaja nyumba yangu, shamba langu, minazi yangu ama mdhamini wangu?

7. Mkataba umeandikwa kwa lugha ninayoisoma? Kama hapana, nani atanisomea ambaye si mtu wa mkopeshaji?

Swali la sita ndugu zangu lisisahauliwe. Watu wa pwani tunaijua rehani ya minazi. Deni dogo la njaa ya mwaka mmoja, na mwenye fedha akachuma nazi kwa miaka. Karadha ya kweli hudai chombo chake tu. Ikianza kunyoosha mkono mpaka shambani, si karadha tena.

Na wapo kati yetu wanaokataa mkopo kwa sababu ya dini, wasile wala wasilishe riba. Msimamo huo ni wa heshima, na haufungi mlango. Sheria ya Kiislamu inaijua ijara, yaani kukodisha: mtu hununua chombo, akakikodisha kwa ujira unaojulikana. Benki ya Amana, iliyofunguliwa mwaka 2011, hufanya kazi kwa misingi hiyo, na baadhi ya mabenki mengine yana madirisha ya namna hiyo. Ila hata penye jina zuri, ulizeni maswali yale yale saba. Hesabu haina madhehebu.

MILANGO YA KUPIGA HODI

Wapi basi? Kwanza halmashauri ya wilaya. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorudi, kisha ikaanza tena kwa taratibu mpya mwaka 2024. Mwende kwa afisa maendeleo ya jamii mkiwa kikundi kilichosajiliwa chenye kazi inayoonekana, na mwombe chombo.

Pili, SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika hili liliwapa mafundi mashine kwa malipo ya kidogo kidogo. Waulizeni juu ya mashine, mafunzo na mikopo midogo.

Tatu, kampuni za karadha na za mikopo ya mashine, kama SELFINA niliyoitaja, na EFTA, ambayo hukopesha mashine bila kudai hati ya nyumba, bali mkopaji atoe sehemu ya bei mwanzo.

Nne, kwa wavuvi: kwa njia ya Benki ya Maendeleo ya Kilimo serikali imekopesha boti za kisasa bila riba. Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, boti za namna hiyo zilikabidhiwa kwa wavuvi. Bandari ile si ya kutazama kwa mbali. Asiye na chombo cha kufikisha samaki huko atakuwa mpagazi wa mwenye chombo.

Tano, na hili ndilo la karibu kuliko yote, sisi wenyewe. Malipo ya mwanzo hayatoki benki. Yanatoka katika akiba ya chama cha msingi, ya SACCOS, ya kikundi cha kununua hisa kila wiki. Watu 20 wakiweka shilingi 5,000 kila wiki, kwa wiki 12 wanazo 1,200,000. Hizo ndizo malipo ya mwanzo ya mashine yetu ya mfano. Miezi mitatu tu! Anayesema Pande hakuna mtaji na ahesabu tena.

DENI NI LA KULIPWA

Neno la mwisho ni chungu kidogo, lakini silifichi. Mara nyingi chombo kilichotolewa kwa mkopo kimechukuliwa kana kwamba ni zawadi. Tumesikia ya vikundi vilivyogawana fedha usiku wa kupewa, vikafa asubuhi. Tumesikia ya matrekta ya mkopo ambayo wadaiwa wake walitafutwa miaka mingi baadaye. Anayefanya hivyo haiibii benki tu. Anaufunga mlango ambao kijana wa kijiji chake angeupita mwaka unaofuata, maana mkopeshaji akidhulumiwa na mtu mmoja wa Pande, husema, "Watu wa Pande hawalipi." Wakoloni walisema Mwafrika hafai kukopeshwa. Tusiwape ushahidi baada ya wao kuondoka.

Basi chagueni kazi mnayoijua. Wekeni akiba. Kaeni kikundi cha watu wanaoaminiana, wenye daftari wazi ambalo kila mmoja anaweza kulisoma. Pigeni hesabu mpaka mfike katika jumla ya yote. Daini malipo yafuate msimu. Ulizeni maswali saba. Kisha tieni sahihi, fanyeni kazi, lipeni mpaka shilingi ya mwisho, na siku mashine itakapokuwa yenu, iandikeni katika daftari kwa wino mwekundu, kisha akiba ile ile ianze kununua ya pili.

Ufuta wa Kilwa ukamuliwe Kilwa. Samaki wa Pande wakute barafu Pande. Na kijana wa Kimachinga asikilizwe kwa jina lake la asili, jina la kabila lenye nchi na kazi, wala si jina la kutembea juani.